Orodha inayochelewa kupangika: mwongozo kamili wa kuiharakisha kwa indeksi

Vijana wanaotunza mifumo ya ofisi za koli (vifurushi) hapa Bukavu wananiletea laptopu zenye ugonjwa uleule. Boti ya kutoka Goma imetia nanga, watu wamejaa dirishani, karani anabonyeza "zilizofika", na ukurasa unazunguka tu. "Kaka, indeksi nimeshaweka," ananiambia kijana. Indeksi ni kama daftari la pembeni linaloisaidia hifadhidata kupata mistari haraka. Nikifungua naona kweli ameweka, tena tano, moja kwa kila safu ya jedwali. Na bado mama aliyesimama mbele ya karani anahesabu dari.

Tatizo lao si uhaba wa indeksi. Indeksi walizonazo hazina mpangilio ambao ulizo (query), yaani swali linalotumwa kwa hifadhidata, linauomba. Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo moja: ulizo lenye ORDER BY (maneno yanayopanga matokeo), hasa lile linalochuja kwanza kisha linapanga. Nimetumia hifadhidata ya PostgreSQL. Wenye MySQL na SQLite nimewawekea maneno machache mwishoni.

## Vitu vya kuandaa

- PostgreSQL toleo la 13 au jipya zaidi, pamoja na psql, programu yake ya kuandikia amri.
- Ulizo lenyewe linalochelewa, likiwa na thamani zake halisi. Usilikisie kutoka kwenye msimbo wa programu. Weka `log_min_duration_statement = 500`, na kila ulizo linalozidi nusu sekunde litaandikwa kwenye logi jinsi lilivyo.
- Haki za mmiliki wa jedwali. Bila hizo hutaruhusiwa kutengeneza indeksi.
- Nafasi ya kutosha kwenye diski. Kwa jedwali la mistari milioni mbili kama letu, tarajia makumi ya megabaiti kwa kila indeksi.
- Nakala ya hifadhidata ya kufanyia mazoezi.

Ukikosa nakala, tengeneza jedwali la majaribio:

```sql
CREATE TABLE vifurushi (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  ofisi_id  int NOT NULL,
  mteja     text NOT NULL,
  hali      text NOT NULL,
  uzito_kg  numeric(6,2) NOT NULL,
  imefika   timestamptz
);

INSERT INTO vifurushi (ofisi_id, mteja, hali, uzito_kg, imefika)
SELECT 1 + floor(random() * 12)::int,
       'mteja ' || n,
       CASE WHEN n % 50 = 0 THEN 'njiani'
            WHEN n % 20 = 1 THEN 'inasubiri'
            ELSE 'imechukuliwa' END,
       round((random() * 40)::numeric, 2),
       CASE WHEN n % 50 = 0 THEN NULL
            ELSE now() - random() * interval '730 days' END
FROM generate_series(1, 2000000) AS n;

VACUUM ANALYZE vifurushi;
```

Angalia safu ya `imefika`. Koli ambayo bado iko ziwani haina saa ya kufika, kwa hiyo ni NULL. Nimefanya hivyo kwa makusudi, na utaona sababu katika hatua ya pili.

Usiruke ule mstari wa mwisho. Bila ANALYZE, kipangaji cha PostgreSQL (sehemu inayochagua njia ya kuendesha ulizo) hakina takwimu za jedwali na kitabahatisha njia.

## Hatua ya 1: Soma mpango kabla ya kugusa kitu

```sql
EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT id, mteja, uzito_kg, imefika
FROM vifurushi
WHERE ofisi_id = 3
ORDER BY imefika DESC
LIMIT 20;
```

EXPLAIN hukuonyesha mpango, yaani njia ambayo hifadhidata inapitia kupata jibu. Liendeshe ulizo hili mara tatu, kisha andika `Execution Time` ya mara ya tatu kwenye karatasi. Mara ya kwanza kurasa nyingi za data hutoka kwenye diski. Zikishaingia kwenye kumbukumbu, kasi hubadilika bila wewe kufanya lolote. Nimeona watu wakisherehekea indeksi ambayo haikutumika kabisa: walilinganisha mwendo wa kwanza na wa pili.

Onyo. Neno ANALYZE ndani ya EXPLAIN huendesha ulizo kwelikweli. Ukiliweka mbele ya DELETE, mistari inafutika. Ukilazimika kupima DELETE au UPDATE, anza na `BEGIN;` na umalize na `ROLLBACK;`.

Mpango husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Tafuta alama tatu.

`Seq Scan` au `Parallel Seq Scan` maana yake jedwali zima limesomwa. Chini yake utakuta `Rows Removed by Filter`: hiyo ni mistari iliyosomwa na kutupwa. Kwenye mpango wenye wafanyakazi sambamba (michakato inayogawana kazi moja), namba hiyo ni wastani wa kila mmoja, kwa hiyo usiione ndogo ukadhani mambo ni mazuri.

`Sort` maana yake mistari imekusanywa kwanza, ndipo ikapangwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma na mstari wa `Sort Method`. Ukiona `top-N heapsort`, hifadhidata inashika mistari 20 tu iliyo bora huku ikipitia mingine yote. Kumbukumbu inayotumika ni kidogo sana, na ucheleweshaji wote uko kwenye kule kupitia. Kuongeza `work_mem` (kumbukumbu inayoruhusiwa kwa kupanga) hakutasaidia chochote. Ukiona `external merge Disk`, upangaji umeshindwa kuenea kwenye kumbukumbu ukamwagikia diski. Hilo hutokea kwenye ripoti zisizo na LIMIT, na dawa yake ni nyingine, nitaigusa baadaye.

`Buffers` huhesabu kurasa za kilobaiti 8. Mimi huiamini namba hii kuliko muda, kwa sababu haibadiliki laptopu inapopata joto.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja ni nini kinachochelewesha, kwa mfano: "inasoma mistari milioni mbili ili ipate ishirini."

## Hatua ya 2: Nyoosha ulizo kwanza

Indeksi haiwezi kuokoa ulizo lililoandikwa vibaya. Kuna makosa matatu ninayoyakuta karibu kila mara.

Kuifunika safu kwa kazi (function). `WHERE date(imefika) = '2025-03-04'` huificha safu, na indeksi ya `imefika` haitumiki. Ukijaribu kutengeneza indeksi juu ya `date(imefika)`, PostgreSQL itakataa, kwa kuwa tarehe inayotokana na `timestamptz` hutegemea ukanda wa saa. Andika mipaka:

```sql
WHERE imefika >= '2025-03-04 00:00+02'
  AND imefika <  '2025-03-05 00:00+02'
```

Ile `+02` ni saa yetu ya mashariki: Bukavu, Goma na Lubumbashi ziko saa mbili mbele ya UTC, na Kinshasa iko saa moja mbele. Seva yako ikiwa kwenye UTC nawe ukaacha ukanda, "leo" ya karani itaanza saa nane usiku, na koli za usiku wa manane zitaonekana za jana.

Kusahau NULL. Ukiandika `ORDER BY imefika DESC`, PostgreSQL huziweka NULL mwanzoni. Kwa hiyo karani anaona kwanza koli zilizo bado majini. Kijana anaongeza `NULLS LAST`, orodha inapendeza, kisha kasi inapotea kabisa. Sababu ni kwamba indeksi ya kawaida ina NULL mwishoni ikisomwa kwa kupanda, na mwanzoni ikisomwa kwa kushuka. Mpangilio wa "kushuka, NULL mwishoni" haumo ndani yake upande wowote utakaoanzia, kwa hiyo `Sort` inarudi.

Dawa ziko mbili. Unaweza kutengeneza indeksi yenye maneno yaleyale, `imefika DESC NULLS LAST`. Au ujiulize kama koli iliyo ziwani inahusika kweli na orodha ya zilizofika. Haihusiki! Basi iondoe kwa `AND imefika IS NOT NULL` na uyaache maneno ya NULLS. Mimi nachagua hii ya pili bila kufikiri mara mbili.

Kupanga bila mwamuzi. Koli arobaini zikisajiliwa dakika ileile, nani awe wa kwanza? Usiposema, hifadhidata iko huru kukupa jibu tofauti kila mara, na koli moja inaweza kuonekana ukurasa wa kwanza na wa pili huku nyingine haionekani popote. Maliza ORDER BY kwa safu isiyojirudia, yaani `id`.

Ulizo letu sasa:

```sql
SELECT id, mteja, uzito_kg, imefika
FROM vifurushi
WHERE ofisi_id = 3
  AND imefika IS NOT NULL
ORDER BY imefika DESC, id DESC
LIMIT 20;
```

## Hatua ya 3: Amua safu zifuatane vipi

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi.

Mfikirie karani wa bandarini asiye na kompyuta. Akiwa na daftari moja lililoandikwa kwa saa ya kufika, ukimwomba koli ishirini za mwisho za Idjwi itabidi apekue kurudi nyuma, akiruka za Minova na za Kalehe, mpaka zitimie ishirini. Akiwa na rundo la karatasi kwa kila ofisi, lakini ndani ya rundo hakuna mpangilio, atachukua rundo la Idjwi lote na kuanza kulipanga mezani. Akiwa na daftari la kila ofisi, na ndani yake kila mstari umeandikwa kwa saa ya kufika, anafungua daftari la Idjwi ukurasa wa mwisho na kukusomea ishirini. Kazi imekwisha.

Daftari la kwanza ni indeksi ya `(imefika)`. Rundo ni indeksi ya `(ofisi_id)`. Daftari la tatu ni indeksi ya `(ofisi_id, imefika, id)`. Ukiwa na la kwanza na la pili kwa pamoja, hupati la tatu. PostgreSQL inaweza kuunganisha indeksi mbili kwa ajili ya kuchuja, lakini muunganiko huo hupoteza mpangilio, na lazima upange upya.

Kanuni basi ni hii: kwanza safu zinazolinganishwa kwa `=`, halafu safu za ORDER BY kwa mfuatano uleule. Safu yenye mpaka, kama `uzito_kg > 20`, isikae kamwe katikati ya hizo. Ukiiweka kabla ya `imefika`, ni sawa na kupanga daftari kwa uzito: ndani ya kila uzito kuna mpangilio wa saa, lakini ukichanganya uzito wote mpangilio unavunjika. Iache ichujwe njiani. Mpaka ukiwa juu ya safu ileile unayoipanga, kama `imefika >= ...`, hakuna tabu.

Nionye kuhusu indeksi ya tarehe peke yake, kwa kuwa inadanganya. Kwenye jedwali letu la majaribio, ofisi zote zinafanana kwa wingi wa koli. Ukitembea nyuma kwenye tarehe, unapata koli ishirini za ofisi namba 3 baada ya mistari kama mia mbili na arobaini hivi, na unaona kasi nzuri. Kwenye maisha halisi kuna ofisi inayopokea koli mbili kwa wiki. Kipangaji kikichagua njia ileile kwa ofisi hiyo, kitatembea karibu daftari zima. Ndiyo maana utasikia "kwa Goma inakimbia, kwa Idjwi inalala", na mtu anaanza kulaumu mtandao.

Kuhusu DESC: safu zote zikishuka pamoja, huhitaji kuandika DESC kwenye indeksi, kwa sababu husomwa pande zote mbili. Ni lazima uiandike pale tu pande zinapotofautiana, kwa mfano `ORDER BY imefika DESC, mteja ASC`.

## Hatua ya 4: Tengeneza bila kufunga dirisha

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY vifurushi_ofisi_imefika_idx
ON vifurushi (ofisi_id, imefika, id);
```

`CREATE INDEX` ya kawaida huruhusu kusoma lakini huzuia kuandika mpaka imalize. Karani hataweza kusajili koli. CONCURRENTLY haizuii, ila inachukua muda mrefu zaidi kwa kuwa hulipitia jedwali mara mbili, na haikubali kuwekwa ndani ya `BEGIN`. Pia husubiri miamala, yaani kazi zilizoanzwa kwa `BEGIN`, iliyofunguliwa zamani. Ikionekana imeganda, mara nyingi kuna mtu ameacha psql wazi katikati ya muamala akaenda kula.

Onyo kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika. Seva ikizima katikati, indeksi inaweza kubaki nusu: haisaidii kusoma, lakini inaweza kuendelea kuongeza kazi kila unapoandika. Baada ya kila hitilafu kagua:

```sql
SELECT indexrelid::regclass FROM pg_index WHERE NOT indisvalid;
```

Jina likijitokeza, lifute kwa `DROP INDEX CONCURRENTLY` kisha uanze upya. Ukilirudia jina lilelile bila kufuta, utaambiwa lipo tayari. Na ukiongeza `IF NOT EXISTS` utaambiwa mambo safi, ilhali si safi.

## Hatua ya 5: Hakikisha

Rudia EXPLAIN ya hatua ya kwanza ukitumia ulizo lililonyooshwa. Sura yake iwe hivi:

```
Limit
  ->  Index Scan Backward using vifurushi_ofisi_imefika_idx on vifurushi
        Index Cond: ((ofisi_id = 3) AND (imefika IS NOT NULL))
```

Umefaulu ikiwa neno `Sort` halipo popote, mistari iliyosomwa kwenye indeksi ni 20, na `Buffers` zimeshuka hadi makumi. Kisha ijaribu kwa ofisi ndogo kuliko zote uliyonayo.

Ukiona `Incremental Sort`, usiogope. Maana yake indeksi imetoa sehemu ya mpangilio, pengine umeisahau `id`, na hifadhidata inamalizia vikundi vidogovidogo. Kwa kawaida inatosha.

## Hatua ya 6: Kurasa za mbali

Ukurasa wa kwanza unakimbia. Karani anabonyeza ukurasa wa 501, na tunarudi kulekule. `OFFSET 10000` hairuki. Inahesabu mistari elfu kumi, inaitupa, ndipo inakupa ishirini. Hakuna indeksi inayoondoa kazi hiyo.

Badala ya kukumbuka namba ya ukurasa, kumbuka mstari wa mwisho uliouonyesha:

```sql
SELECT id, mteja, uzito_kg, imefika
FROM vifurushi
WHERE ofisi_id = 3
  AND (imefika, id) < ('2025-03-04 16:20:11.482913+02', 1483920)
ORDER BY imefika DESC, id DESC
LIMIT 20;
```

Zile thamani mbili ni `imefika` na `id` za mstari wa mwisho wa ukurasa uliotangulia. Zitunze nzima: programu ikikatilia mbali sehemu ndogo za sekunde, utarudia au kuruka mistari. Linganisho hili huziacha NULL nje lenyewe, ndiyo maana sikurudia `IS NOT NULL`.

Gharama yake: hakuna tena kuruka moja kwa moja kwenda ukurasa wa 312. Sijawahi kukutana na karani aliyeuhitaji. Wanachohitaji ni "zilizotangulia" na kisanduku cha kutafutia jina.

## Hatua ya 7: Punguza

Dirishani watu huuliza koli zinazosubiri tu, na zilizochukuliwa ndizo nyingi. Indeksi ya sehemu huandika zile zinazotakiwa peke yake:

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY vifurushi_inasubiri_idx
ON vifurushi (ofisi_id, imefika, id)
WHERE hali = 'inasubiri';
```

Kwenye jedwali letu hiyo ni mistari laki moja kati ya milioni mbili. Sharti ni kwamba ulizo liseme waziwazi `hali = 'inasubiri'`. Programu ikilituma neno hilo kama kigezo, `hali = $1`, kwenye ulizo lililoandaliwa kabla, kipangaji kinaweza kushindwa kujua kuwa indeksi inafaa, na kitaiacha.

Sasa zile indeksi tano za yule kijana wa mwanzo. Kila indeksi ni kazi ya ziada kwenye kila koli inayosajiliwa.

```sql
SELECT indexrelname, idx_scan,
       pg_size_pretty(pg_relation_size(indexrelid))
FROM pg_stat_user_indexes
WHERE relname = 'vifurushi'
ORDER BY idx_scan;
```

Yenye `idx_scan` (idadi ya mara ilizotumika) sifuri baada ya mwezi mzima, ukiwemo mwisho wa mwezi wenye ripoti, ni ya kufutwa. Usiguse ile ya PRIMARY KEY wala za UNIQUE hata zikiwa sifuri. Kazi yake ni kulinda data. Ile ya `(ofisi_id)` peke yake karibu kila mara inaweza kuondoka, kwa kuwa mpya inaanza na safu hiyohiyo.

## Bado inagoma?

Umetumia `ofisi_id IN (1, 3, 7)`. Hayo ni madaftari matatu, na kila moja lina mpangilio wake. Kuyachanganya ni kupanga upya. Chukua ishirini kutoka kila ofisi, kisha panga hizo sitini:

```sql
SELECT v.*
FROM unnest(ARRAY[1, 3, 7]) AS o(ofisi)
CROSS JOIN LATERAL (
  SELECT id, mteja, imefika
  FROM vifurushi
  WHERE ofisi_id = o.ofisi AND imefika IS NOT NULL
  ORDER BY imefika DESC, id DESC
  LIMIT 20
) AS v
ORDER BY v.imefika DESC, v.id DESC
LIMIT 20;
```

Bado utaona `Sort`, ila inapanga mistari sitini.

Ni ripoti ya mwaka, haina LIMIT. Ukisoma sehemu kubwa ya jedwali, `Seq Scan` na `Sort` inaweza kuwa ndiyo njia ya haraka, na kipangaji hakijakosea. Ikiwa kuna `external merge Disk`, panua kumbukumbu kwa kikao hicho tu: `SET work_mem = '64MB';`. Kiasi cha kawaida ni 4MB. Usikipandishe kwa seva nzima bila kupiga hesabu, kwa kuwa kila hatua ya kupanga ndani ya kila ulizo inaweza kuchukua kiasi hicho kizima. Watu thelathini wakibonyeza pamoja kwenye seva ya gigabaiti 2, utajua.

Uko kwenye MySQL au SQLite. Kanuni ya hatua ya tatu haibadiliki. Kwenye MySQL, alama ya ugonjwa ndani ya EXPLAIN ni `Using filesort`. Indeksi za kushuka zinafanya kazi kweli kuanzia toleo la 8.0, kabla ya hapo neno DESC lilikubaliwa na kupuuzwa. Kwenye InnoDB (injini ya kuhifadhia ya MySQL) huhitaji kuongeza `id` mwishoni, kwa kuwa kila indeksi nyingine hubeba ufunguo mkuu (PRIMARY KEY). Kwenye SQLite, endesha `EXPLAIN QUERY PLAN` na utafute `USE TEMP B-TREE FOR ORDER BY`. Likitoweka, indeksi yako imekubalika.